Ibn al-Haytham: Mwanazuoni Aliyejifunza Kudai Anachoweza Kukithibitisha



Ndugu msomaji, kila muhula unapokaribia kwisha utawakuta ndugu zetu wengi maktabani wakiwa na karatasi iliyorudishwa na msimamizi. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba haoni hoja. Kurasa zimejaa, rejea zipo, tarehe zipo, lakini mwandishi mwenyewe hajasema anadai nini. Mwingine amedai jambo kubwa kweli kweli, ila ukimwuliza amelijuaje, hana jibu isipokuwa kwamba ameliona kitabuni. Maradhi haya mawili, kusoma bila kuhoji na kudai bila ushahidi, si mapya. Aliwahi kuyakuta mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Kiislamu, tena moja katika hayo lilimpata yeye mwenyewe na likakaribia kumgharimu maisha. Kisa chake kinatuhusu zaidi sisi tunaosoma hapa Uganda, kwa sababu kilianzia kwenye maji yanayotoka Jinja.

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra, katika nchi tunayoiita leo Iraq, karibu mwaka 965 Miladia, sawa na 354 Hijria. Wakati huo Basra ilikuwa mji wa bandari, wa biashara na wa elimu. Vitabu vya Wayunani vilikuwa vimekwisha kufasiriwa kwa Kiarabu karne iliyotangulia, hivyo kijana mwenye hamu aliweza kuwasoma Euclid, Ptolemy, Aristotle na Galen kwa lugha yake. Ibn al-Haytham aliwasoma wote. Hesabu na jometri ndizo zilizomkaa zaidi, na sifa zake zikaanza kuvuka mipaka ya Basra.

Ndipo akatoa dai lake la kwanza kubwa. Inasimuliwa kwamba alisema, akiwa bado Iraq, kwamba lau angekuwa Misri angejenga kitu juu ya mto Nile kitakachowanufaisha watu mto ukifurika na hata ukipungua. Jambo hilo halikuwa dogo. Maisha ya Misri yote yalisimama juu ya mto huo. Mwaka ambao maji hayakupanda vya kutosha, njaa iliingia, na mwaka ambao yalipanda kupita kiasi, mashamba na vijiji vilizama. Habari zikamfikia khalifa wa Kifatimi mjini Cairo, al-Hakim, aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021. Mtawala huyo alipenda elimu ya nyota, lakini alijulikana pia kwa hukumu zisizotabirika, na watu wengi wa karibu naye waliuawa kwa amri yake. Akamwita Ibn al-Haytham aje atekeleze alichokisema.

Alipofika, khalifa mwenyewe alitoka nje ya mji kumpokea. Kisha akapewa mafundi na mahitaji, akapanda na mto kuelekea kusini. Njiani akaona majengo ya watu wa kale wa Misri, mahekalu na minara ya mawe iliyopimwa kwa jometri ya hali ya juu. Moyo wake ukaanza kusita. Watu walioweza kujenga vile hawakuwa wajinga wa hesabu. Kama mto ungeweza kuzuiwa kwa njia aliyoiwaza, kwa nini wao hawakuuzuia? Akaendelea mpaka al-Janadil, kwenye maporomoko ya kusini ya Aswan, mahali alipokuwa ametegemea kufanyia kazi. Akapaangalia, akapapima kwa macho kila upande, akaona kwamba mpango wake hauwezekani. Akarudi Cairo akakiri mbele ya khalifa kwamba alikosea.

Tusimame hapo kidogo. Dai lake lilikuwa na sifa moja nzuri: lilikuwa wazi. Hakusema kwamba Nile ni mto muhimu, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna atakayelipinga. Alisema jambo mahususi ambalo mtu anaweza kulikubali au kulikataa. Kilichokosekana ni ushahidi. Alikuwa amesoma habari za mto akiwa mbali nao, hakuwa ameuona wala kuupima. Na wewe ukiuangalia mto huo pale Jinja unapotoka ziwani, ukakumbuka kwamba huo ni mkono mmoja tu, na kwamba mafuriko ya Misri yaliletwa zaidi na mvua za nyanda za juu za Ethiopia, utaelewa ukubwa wa kitu alichodhani angekitawala kutoka chumbani kwake Basra.

Al-Hakim hakumwadhibu papo hapo. Alimpa kazi ya serikali, naye akaipokea kwa hofu kuliko kwa furaha. Kuwa mtumishi wa mtawala wa namna ile baada ya kumvunja matumaini ni sawa na kulala jirani na chui. Inasimuliwa kwamba hakuona njia ya kutoka isipokuwa moja: akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikachukuliwa, akawekewa wasimamizi, akafungiwa nyumbani. Alikaa katika hali hiyo mpaka mwaka 1021, al-Hakim alipotoka usiku mmoja kuelekea milimani asirudi tena. Hapo Ibn al-Haytham akadhihirisha akili yake, akarudishiwa mali yake, akaenda kukaa karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar.

Kisa hiki tumekipokea kwa Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, yaani karne mbili baada ya Ibn al-Haytham. Kabla yake, al-Bayhaqi mwanahistoria alikuwa amekisimulia kwa sura nyingine: kwamba khalifa ndiye aliyeukataa mpango, na kwamba mwanazuoni akakimbilia Sham. Sisi tuliokulia katika umma uliowapa dunia wanazuoni wa Hadithi hatupaswi kushtushwa na hitilafu za wapokezi. Tunauliza nani kapokea, kapokea kutoka kwa nani, na masimulizi yanakubaliana wapi. Yote mawili yanakubaliana kwamba palikuwa na mpango wa Nile, kwamba haukutekelezwa, na kwamba khalifa alikuwa mtu wa kuogopwa. Kujifanya mwendawazimu kumo katika pokezi moja tu, kwa hiyo nimekuandikia kwamba inasimuliwa. Kusoma kwa kuhakiki huanzia hapo, kwa kujua neno lipi lina uzito gani.

Mtu mwingine angetoka katika mkasa ule akiwa ameapa kutodai chochote tena. Ibn al-Haytham alifanya kinyume. Katika miaka hiyo ya Misri ndipo alipoandika Kitab al-Manazir, Kitabu cha Maono, chenye juzuu saba, na ndani yake mna dai kubwa kuliko lile la Nile. Tofauti ni kwamba safari hii kila hatua ilikuwa na ushahidi.

Swali lilikuwa hili: tunaonaje? Wasomi walikuwa wamegawanyika makundi makubwa mawili. Watu wa hesabu, wakiongozwa na Euclid na Ptolemy, na kwa Waislamu al-Kindi akiwafuata, walisema kuna miale inayotoka jichoni ikakigusa kitu. Hoja yao ilikuwa na nguvu, maana jometri yao ilieleza vizuri kwa nini kitu cha mbali huonekana kidogo. Watu wa falsafa ya maumbile, wakimfuata Aristotle, walisema jicho halitoi kitu, bali umbo la kitu ndilo linaloingia jichoni. Nao walikuwa na sababu zao, lakini hawakuweza kueleza kwa vipimo umbo la mlima linaingiaje katika mboni ndogo. Matabibu nao, wakimfuata Galen, walieleza muundo wa jicho na mishipa yake kwa namna yao.

Angalia alivyowasoma. Hakuchagua kundi akalitetea kama mtu anavyotetea timu ya mpira. Wala hakusema kwamba wote wana haki kwa namna yao, akaondoka. Alianza kitabu chake kwa kueleza mgogoro wenyewe kwa uadilifu, akaonyesha kwamba makundi mawili yenye akili yamefikia majibu yanayopingana, na kwamba hali kama hiyo ina maelezo machache tu: ama mmoja kakosea, ama wote wamekosea, ama kila mmoja kashika upande wa jambo moja bila kulimaliza. Kisha akaamua kuanza uchunguzi upya tangu mwanzo, kwa kuangalia mambo yanavyotokea na kupanda hatua kwa hatua.

Alianza na mambo ambayo kila mtu anaweza kuyahakiki. Ukilikodolea macho jua, jicho linauma. Ukitazama mwanga mkali kwa muda kisha ukageukia penye giza, alama ya mwanga ule inabaki machoni. Kwa hiyo mwanga unafanya kitu ndani ya jicho, na kinachofanya kitu ndani ya jicho kimetoka nje kikaja.

Halafu akaligeukia dai la miale inayotoka jichoni akaliuliza swali moja. Miale hiyo ikikigusa kitu, je, inarudisha chochote jichoni au hairudishi? Kama hairudishi, jicho halikupata habari, na hatuoni. Kama inarudisha, basi kinachotufanya tuone ni kile kinachokuja jichoni, na miale iliyotoka haikuwa na kazi. Hata hivyo hakuwatupa watu wa hesabu. Aliwaachia mistari yao iliyonyooka na pembe zao, akasema mistari hiyo ni ya kufikiria tu katika kupima, na kwamba kinachosafiri juu yake ni mwanga unaokuja.

Ndipo akafika kwenye hoja yake kuu, ambayo kwa maneno yetu tunaweza kuifupisha hivi: tunaona kwa sababu mwanga hutoka katika kila nukta ya kitu chenye kumulika au kumulikwa, ukaenda kila upande kwa mstari ulionyooka, na ule unaoliangukia jicho wima ndio unaobeba sura ya kitu. Isome tena taratibu. Inajibu swali lililokuwa likigombaniwa. Inaweza kupingwa, maana Euclid angeipinga. Ina sehemu zake, na kila sehemu inadai kuthibitishwa mbali na nyingine. Juzuu zote saba zinaijenga, na ukiiondoa, kitabu kizima hakisimami.

Alithibitishaje? Moja ya njia zake unaweza kuifanya hata hosteli. Alichukua taa kadhaa akazipanga mbali mbali mbele ya tundu dogo linaloingia katika chumba chenye giza. Ukutani ndani ya chumba yakatokea madoa ya mwanga kwa idadi ya taa. Akaifunika taa moja, na doa lililo mkabala nayo peke yake likatoweka. Akaifunua, likarudi pale pale. Kwa jaribio hilo aliona mambo mawili: kwamba mwanga wa kila taa umepita tunduni kwa mstari wake ulionyooka, na kwamba mianga yote hiyo imekutana katika tundu moja bila kuchanganyika. Majaribio ya namna hiyo aliyaita i'tibar, na aliyaeleza kwa kina kiasi kwamba msomaji anaweza kuyarudia mwenyewe. Hakutaka aaminiwe kwa jina lake.

Kitabu chake kingine, al-Shukuk ala Batlamyus, yaani Mashaka juu ya Ptolemy, ndicho somo lenyewe la usomaji wa kihakiki. Ptolemy wakati huo alikuwa amekwisha kufa miaka zaidi ya mia nane, na kitabu chake cha elimu ya nyota, al-Majisti, kilishikwa na kila mwenye kupima sayari. Kumkosoa lilikuwa jambo zito. Ibn al-Haytham alianza kwa kumsifu na kueleza manufaa ya kazi zake. Kisha akaweka msingi wake: mtafuta haki hawaamini waliotangulia kwa sababu tu ni watu wakubwa, kwani hakuna mwanadamu aliyekingwa na kosa katika elimu za namna hii, bali anajifanya mpinzani wa kila anachokisoma, akikishambulia kutoka pande zote. Halafu akaongeza sharti ambalo wengi wetu hulisahau, kwamba msomaji huyo ajishuku na nafsi yake pia, asije akamwonea mwandishi wala kumpendelea.

Sharti hilo alilitekeleza kwa kusoma. Ptolemy alikuwa ameweka kanuni kwamba vilivyoko mbinguni huzunguka kwa mwendo ulio sawa kuzunguka kitovu cha duara. Lakini alipotaka hesabu zake zikubaliane na sayari zinavyoonekana, aliufanya mwendo uwe sawa kuzunguka nukta nyingine isiyo kitovu. Ibn al-Haytham aliuonyesha mgongano huo. Tena hakumshutumu kwa kumdhania, bali alionyesha mahali ambapo Ptolemy mwenyewe anakiri kwamba ametumia mambo yaliyo kinyume na kanuni. Yaani alikisoma kitabu kizima, hata zile kurasa ambazo wengine huziruka. Na hakukusanya kila kosa dogo. Alishughulika na yale ambayo yasipopatiwa ufumbuzi, msingi unabomoka. Shaka hilo halikufa naye. Karne ya 13 Nasir al-Din al-Tusi na wenzake wa Maragha walilishughulikia, na karne ya 14 Ibn al-Shatir wa Damascus akajenga mifano mipya ya sayari isiyo na kasoro ile.

Miaka yake ya mwisho Ibn al-Haytham aliishi maisha ya kawaida sana. Alikuwa na hati nzuri, na inasimuliwa kwamba kila mwaka alinakili vitabu vya Euclid, al-Majisti na vile vya katikati vinavyosomwa baina yao, akaviuza kwa dinari 150 za Misri, ndizo zikawa matumizi yake ya mwaka. Aliyemkosoa Ptolemy alikuwa akikinakili kitabu cha Ptolemy kwa mkono wake mwaka baada ya mwaka. Wenye haraka ya kukosoa kitabu walichokisoma muhtasari wake tu wana la kujifunza hapo. Ibn al-Qifti anasema alikuwa na maandishi ya mkono wa Ibn al-Haytham yenye tarehe ya mwaka 432 Hijria. Alifariki Cairo karibu mwaka 1040, Allah amrehemu.

Je, alipatia yote? La. Alidhani kwamba hisia ya kuona inaanzia kwenye lenzi ya jicho, na ilipita miaka mia tano na zaidi mpaka Kepler, mwaka 1604, alipoeleza kwamba sura hujichora nyuma ya jicho. Maelezo yake juu ya upinde wa mvua nayo hayakusimama. Kamal al-Din al-Farisi, aliyeandika sharhe ya Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 14, alijaribu kwa tufe la kioo lililojaa maji akapata maelezo bora. Al-Farisi hakumkosea adabu mwalimu wake huyo wa vitabuni. Alimsoma kwa namna ile ile ambayo mwalimu mwenyewe alifundisha kusoma. Kitabu hicho kilikuwa kimekwisha kufasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na wasomi wa Ulaya wakakitumia kwa vizazi.

Sasa turudi kwenye karatasi yenye wino mwekundu. Tuseme umeandika kwamba utaeleza umuhimu wa zaka katika jamii yetu. Hiyo ni mada, na hakuna Muislamu atakayeipinga. Ukiandika kwamba zaka inaweza kumaliza umaskini wote nchini, hilo ni dai la Nile, lililotolewa kutoka Basra. Lakini ukidai kwamba katika mtaa fulani, familia zilizopewa zaka kama mtaji wa biashara ndogo zinajitegemea baada ya mwaka kuliko zilizopewa chakula cha siku chache, umetoa hoja. Mtu anaweza kuipinga. Unaweza kwenda kuhesabu. Na ikiwa hesabu itakukatalia, utajua, nawe utapata heshima ya kurudi na kukiri, kama alivyorudi yeye kutoka al-Janadil.

Baadhi ya ndugu zetu huogopa kwamba kuhoji kitabu ni kukosa adabu kwa wanazuoni. Ibn al-Haytham alimsifu mtu kabla ya kumkosoa, alinukuu maneno yake kwa uaminifu, alieleza hoja ya mpinzani vizuri kabla ya kuijibu, na alijishuku mwenyewe kwanza. Hiyo ndiyo adabu. Mwenye kunakili maneno ya mtu bila kuyafahamu, au kuyachukua mtandaoni akayatia jina lake, hajamheshimu yeyote, na amana ya elimu ameivunja.

Ukipita Jinja likizo hii, tazama maji yale kwa muda. Yana safari ndefu mpaka yafike Aswan, mahali ambapo mtu mmoja mwenye akili nyingi aligundua kwamba hajui, akakubali, kisha akaenda kuandika kitabu chenye ushahidi.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atuoneshe haki kuwa ni haki atujaalie kuifuata, na atukinge na kusema tusilolijua. Amin.